Kwa Nini Saratani Hustahimili Dawa? Kazi ya Protini za Dhiki Ndani ya Seli



Katika ziara zetu maparokiani kuna swali ambalo limekuwa likijirudia kila tunapokutana na kamati za afya na za huduma kwa wagonjwa. Wanakamati hutuambia hivi: mgonjwa wetu alipelekwa hospitali, akapewa dawa za saratani, uvimbe ukapungua na tukatoa shukrani kanisani. Baada ya miezi kadhaa ugonjwa ukarudi, na safari hii dawa zile zile hazikufanya kazi. Je, dawa zilikuwa bandia? Je, michango ya waamini ilipotea bure? Wengine huenda mbali zaidi na kuuliza kama mgonjwa alipungukiwa imani au kama kuna mtu aliyemfanyia ubaya.

Wafadhili wetu nao huuliza swali hilo hilo kwa namna nyingine: kwa nini gharama za mgonjwa mmoja haziishi kwa awamu moja ya matibabu?

Maswali haya yanastahili majibu ya kweli, maana majibu ya kubahatisha yameleta madhara. Yapo majirani wanaomnyoshea kidole mgonjwa, na wapo wagonjwa wanaoacha tiba katikati na kwenda kwa wauza dawa za barabarani. Ndiyo maana katika toleo hili tumeona vyema kueleza, kwa lugha ya kawaida, mojawapo ya njia ambazo seli ya saratani huzitumia kujikinga na dawa. Njia hiyo ni protini za dhiki.

Protini za dhiki ni nini?

Mwili wa binadamu umejengwa na seli, na kazi nyingi za seli hufanywa na protini. Zipo protini zinazobeba hewa katika damu, zinazokunja na kunyoosha misuli, na zinazoiambia seli wakati wa kukua na wakati wa kutulia. Ili protini ifanye kazi yake, ni lazima iwe na umbo lake sahihi. Ni kama ufunguo: ukipinda kidogo tu haufungui tena kitasa, hata kama chuma ni kile kile.

Umbo la protini huharibika kwa urahisi. Tuchukue mfano wa yai. Ute wa yai bichi ni wa majimaji na unapitisha mwanga. Ukiumwaga kwenye kikaango cha moto huganda na kuwa mweupe, kwa sababu protini zake zimepoteza umbo na kushikamana zenyewe kwa zenyewe. Hakuna anayeweza kulirudisha yai hilo katika ubichi wake.

Ndani ya seli hai jambo la namna hiyo likitokea, hata kwa kiasi kidogo, seli inaweza kufa. Joto kali, sumu, upungufu wa hewa au chakula, mionzi na dawa kali huweka protini za seli katika hatari hiyo. Hali hii wataalamu huiita dhiki ya seli. Seli inapoingia katika dhiki hutengeneza kwa haraka protini maalumu za kuokoa protini nyingine, na hizo ndizo zinazoitwa protini za dhiki. Kwa kuwa ziligunduliwa kwanza kwa njia ya joto, jina lake la kisayansi linahusu joto, na hufupishwa kwa herufi HSP zikifuatiwa na namba inayoonyesha ukubwa wa protini yenyewe. Zinazotajwa sana katika saratani ni HSP27, HSP70 na HSP90.

Kazi yake inafanana na ile ya mlezi. Protini mpya inapotengenezwa, protini mlezi huishika na kuisaidia ijikunje katika umbo lake. Protini iliyopinda huinyoosha. Iliyoharibika kabisa huipeleka mahali pa kuvunjwavunjwa ili isichafue seli.

Jinsi zilivyogunduliwa

Ugunduzi wenyewe ulianza na jambo dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtafiti kijana wa Italia, Ferruccio Ritossa, alikuwa mjini Naples akichunguza chembe za urithi za nzi wadogo wa matunda. Mtu mmoja katika maabara alibadilisha joto la kabati la kutunzia vielelezo bila Ritossa kujua. Alipotazama kwa hadubini aliona kwamba sehemu fulani za chembe za urithi, ambazo kwa kawaida zilikuwa zimetulia, zimevimba. Hii ilikuwa dalili kwamba zimeanza kazi. Aligundua pia kwamba si joto peke yake lililoleta hali hiyo, bali hata baadhi ya kemikali.

Ritossa alichapisha matokeo yake mwaka 1962, baada ya jarida moja kuyakataa kwa kuona hayana umuhimu. Mwaka 1974 Alfred Tissières na wenzake walionyesha kwamba nzi waliopashwa joto hutengeneza protini fulani kwa wingi. Baadaye ilibainika kwamba protini za namna hii zipo katika viumbe karibu vyote, kuanzia bakteria na mimea hadi binadamu. Kwa maneno mengine, Muumba ameweka kinga hii katika kila seli hai. Bila hiyo, hata homa kali ya malaria ingeleta madhara makubwa zaidi kwa seli zetu.

Seli ya saratani inavyoitumia kinga hiyo

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Seli ya saratani si mdudu aliyetoka nje. Ni seli ya mwili wa mgonjwa mwenyewe iliyoharibika katika maagizo yake ya urithi. Kwa hiyo inarithi pia kinga zote za seli njema, zikiwemo protini za dhiki, na huzitumia kwa faida yake.

Hata kabla ya dawa kuingia mwilini, maisha ya seli ya saratani yamejaa dhiki. Inagawanyika haraka kuliko damu inavyoweza kuifikishia chakula na hewa. Protini zake nyingi zina kasoro kwa sababu zimetengenezwa kutokana na maagizo yenye makosa. Seli njema ikiwa katika hali hiyo ingekufa. Seli nyingi za saratani huishi kwa kuwa zimeongeza protini za dhiki kupita kiasi cha kawaida. Protini hizo huisaidia saratani kwa njia kuu tatu.

Kwanza, zinategemeza protini zenye kasoro. HSP90 hushika mamia ya protini nyingine, zikiwemo nyingi zinazoamrisha seli kukua. Katika saratani, protini iliyoharibika ambayo ingepaswa kuvunjwa huendelea kutegemezwa na HSP90 na kutoa amri za kukua. Ni kama ukuta wenye ufa uliowekewa nguzo: badala ya kuanguka, unaendelea kusimama.

Pili, zinazuia seli isife. Seli iliyoharibika sana imepewa utaratibu wa kujiangamiza yenyewe ili isidhuru mwili. Dawa nyingi za saratani, pamoja na mionzi, hufanya kazi kwa kuiharibu seli mpaka utaratibu huo uanze. Utaratibu huo una hatua, moja ikiamsha nyingine. HSP70 na HSP27 huingilia kati na kukata mfululizo huo. Dawa imefika na kuharibu, lakini amri ya mwisho ya kufa haitekelezwi.

Tatu, zinasaidia matengenezo. Mionzi na dawa kama sisplatini huharibu chembe za urithi za seli. Protini za dhiki huzishika na kuzitunza protini zinazofanya ukarabati wa chembe hizo, hivyo seli ya saratani hupata nafasi ya kujitengeneza kabla ya dozi inayofuata.

Juu ya protini hizi yupo msimamizi mmoja, protini iitwayo HSF1. Wakati wa utulivu HSF1 hushikiliwa na protini za dhiki zenyewe. Dhiki ikija, protini hizo huenda kuhudumia protini zilizoharibika, HSF1 huachwa huru, huingia katika kiini cha seli na kuagiza protini za dhiki zaidi zitengenezwe. Mwaka 2007 maabara ya mwanasayansi Susan Lindquist huko Massachusetts, Marekani, ilionyesha kwamba panya wasiokuwa na HSF1 hawakupata uvimbe wa saratani kwa urahisi kama panya wa kawaida. Msimamizi anayelinda uhai wa seli njema ndiye pia anayeisaidia saratani kustawi.

Mfano wa saratani ya matiti

Takriban asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti zina protini iitwayo HER2 kwa wingi usio wa kawaida. HER2 hukaa juu ya ngozi ya seli na kupokea amri za kukua. Dawa iitwayo trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, huishika HER2 kwa nje na kuizuia. Imewasaidia wanawake wengi sana. Lakini baadhi yao ugonjwa huendelea wakiwa kwenye dawa. Sababu mojawapo ni kwamba seli zao hutengeneza HER2 iliyokatika, isiyo na sehemu ya nje ambapo dawa hushika.

Watafiti walitambua kwamba HER2, iwe nzima au iliyokatika, haiwezi kudumu bila HSP90. Nguzo hiyo ikiondolewa, HER2 huvunjwa ndani ya saa chache. Hapo likazuka wazo la kutumia dawa mbili kwa pamoja, moja ya kuizuia HER2 na nyingine ya kuiondolea nguzo. Dawa iliyotumika iliitwa tanespimaisini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wanawake 31 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeshinda trastuzumabu walipewa dawa hizo mbili, na karibu mmoja kati ya kila watano uvimbe wake ulipungua kwa kiasi cha kuridhisha. Ilikuwa ishara ya kweli kwamba wazo hilo lina msingi. Hata hivyo, utengenezaji wa dawa hiyo ulisimamishwa kabla haijaidhinishwa.

Safari ndefu ya kutafuta dawa

Asili ya tanespimaisini ni geldanamaisini, kemikali iliyopatikana mwaka 1970 kutoka kwa bakteria wa udongoni. Mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba kemikali hiyo hushika HSP90. Kwa kuwa iliumiza ini, ilibidi irekebishwe, na majaribio kwa wagonjwa yakaanza mwaka 1999. Tangu hapo dawa nyingi za kuzuia HSP90 zimejaribiwa, na nyingi zimeachwa.

Kwa nini imekuwa vigumu? Zipo sababu mbili ambazo msomaji aliyefuatilia maelezo ya hapo juu atazielewa.

Ya kwanza ni kwamba HSP90 ipo katika seli njema pia, na ni takriban asilimia 1 hadi 2 ya protini zake zote. Ukiizuia kwa nguvu unaigusa saratani, lakini unaligusa pia ini, macho na utumbo. Ya pili ni kwamba HSP90 ni mojawapo ya zinazomshikilia msimamizi HSF1. Ukiifunga, unamwachilia msimamizi, naye huagiza HSP70 na HSP27 kwa wingi. Unabomoa nguzo moja, seli inasimamisha nyingine mbili.

Pamoja na hayo, hatua imepigwa. Mwezi Juni mwaka 2022 Japani iliidhinisha dawa iitwayo pimitespibu kwa wagonjwa wenye aina fulani ya uvimbe wa tumbo na utumbo ambao dawa nyingine zimeshindwa. Katika utafiti wa wagonjwa 86, walioipata walikaa kwa wastani wa miezi 2.8 kabla ugonjwa haujaendelea, kulinganisha na miezi 1.4 kwa wale ambao hawakuipata. Muda huo ni mfupi. Tunautaja kwa sababu tunapenda wasomaji wetu wajue ukubwa halisi wa mafanikio, bila kuukuza wala kuudharau.

Joto kama tiba, na somo la kupumzika

Upo upande mwingine wa jambo hili. Katika baadhi ya hospitali duniani, uvimbe hupashwa joto la nyuzi 40 hadi 43 kwa mashine maalumu, sambamba na mionzi. Joto huizuia seli ya saratani kujikarabati, hivyo mionzi hufanya kazi vizuri zaidi. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa ndani ya nyonga, asilimia 27 ya waliopata mionzi pekee walikuwa hai baada ya miaka 3, na asilimia 51 kwa waliopata mionzi pamoja na joto. Barani Afrika, utafiti wa tiba ya joto kwa ugonjwa huo huo umefanyika Johannesburg, Afrika Kusini, ukihusisha pia wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Lakini madaktari hawapashi joto kila siku. Seli ikishapata joto mara moja na kupona, inakuwa imejaa protini za dhiki, na joto la pili haliidhuru sana. Ustahimilivu huo hupungua baada ya siku mbili au tatu. Kwa sababu hiyo tiba ya joto hutolewa mara moja au mbili kwa wiki. Tunaona hapa jinsi ratiba ya hospitali isivyopangwa ovyo. Siku za kupata tiba na siku za kupumzika zote zina sababu.

Tunaongeza tahadhari: maji ya moto, kujifukiza au kukandwa nyumbani hakufikishi joto hilo ndani ya uvimbe, na kunaweza kuunguza ngozi iliyokwisha kudhoofishwa na mionzi.

Mambo yanayochanganywa

Tumeona mkanganyiko katika mambo manne, nasi tunaomba kamati ziyafafanue katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

1. Dhiki ya seli si msongo wa mawazo. Tunapozungumzia protini za dhiki hatusemi kwamba mgonjwa ameleta saratani kwa kuwa na mawazo mengi, wala kwamba dawa imeshindwa kwa sababu alilia au aliogopa. Mgonjwa anahitaji faraja kwa kuwa ni binadamu mwenye maumivu. Asibebeshwe lawama.

2. Ugonjwa kurudi si ushahidi wa laana wala upungufu wa imani. Ni kazi ya seli zilizosalia na kujikinga. Aliyefariki baada ya tiba nzuri hakushindwa mtihani wowote wa imani.

3. Protini za dhiki si sababu pekee. Seli nyingine huisukuma dawa nje, nyingine hubadili mahali dawa inaposhika, na nyingine hujificha mahali dawa haifiki vizuri. Mara nyingi sababu kadhaa hufanya kazi kwa pamoja.

4. Matokeo ya maabara si dawa ya dukani. Ni kweli kwamba kemikali iitwayo kwesetini, iliyomo katika vitunguu, hupunguza protini za dhiki katika seli zilizokuzwa ndani ya vyombo vya maabara. Si kweli kwamba kula vitunguu au kununua chupa ya mchanganyiko wake kunatibu saratani. Kula vitunguu ni vizuri kama chakula. Mgonjwa anayetumia dawa yoyote ya asili amweleze daktari wake, maana baadhi huingiliana na dawa za hospitali.

Kamati ya parokia ifanye nini?

Hakuna parokia inayoweza kutengeneza dawa ya kuzuia HSP90. Lakini katika mambo tuliyoeleza yamo mambo ambayo yako mikononi mwetu.

La kwanza ni kuwahi. Uvimbe mdogo una seli chache, na kwa hiyo nafasi ni ndogo ya kuwapo seli zilizokwisha kujijengea ustahimilivu. Vituo vingi vya afya nchini hufanya uchunguzi wa shingo ya kizazi kwa kutumia siki, na uchunguzi huo huonyesha mabadiliko kabla hayajawa saratani. Wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanahitaji kuchunguzwa mapema na mara nyingi zaidi. Tunaomba vikundi vya WAWATA viweke jambo hili katika mikutano yao.

La pili ni chanjo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilihamia katika dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Seli ambayo haikugeuka kuwa saratani haitahitaji dawa ya kuishinda. Wazazi wenye shaka wasikilizwe na kuelimishwa kwa upole.

La tatu, na ambalo tunalitilia mkazo mkubwa, ni kumwezesha mgonjwa kumaliza tiba kwa ratiba. Mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki kwa takriban wiki tano, pamoja na sisplatini mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Wataalamu hushauri tiba yote ikamilike ndani ya siku 56. Inapocheleweshwa, seli zilizosalia hupata muda wa kujikarabati na kuongezeka, na uwezekano wa kupona hupungua kwa kila siku inayopotea.

Sasa tujiulize, ni nini humfanya mgonjwa kutoka kijijini akose siku hizo? Mara nyingi ni nauli, mahali pa kulala karibu na Taasisi ya Saratani Ocean Road mjini Dar es Salaam au Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, chakula cha msindikizaji, na wasiwasi kuhusu watoto na shamba lililoachwa nyumbani. Haya ndiyo mambo ambayo parokia inayaweza. Tunapendekeza kila kamati iwe na orodha ya familia zilizo tayari kupokea mgonjwa, mfuko mdogo wa nauli, na mtu mmoja wa kufuatilia tarehe za kliniki. Vilevile jumuiya ya mgonjwa ipange zamu za kulima na kuangalia watoto.

La nne ni kutomwacha mgonjwa ambaye dawa zimeshindwa. Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na kumsaidia mgonjwa na familia yake, ni tiba kamili, na haimaanishi kwamba tumekata tamaa. Daktari akisema dawa imefikia mwisho wa uwezo wake, huo si wakati wa kuuza ng'ombe wa mwisho ili kununua chupa ya mtaani. Ni wakati wa kuhakikisha mgonjwa halali na maumivu, na kwamba kuna mtu kando ya kitanda chake.

Neno kwa wafadhili wetu

Kwenu mnaotuwezesha, tunapenda mwelewe kwamba fedha ya nauli na malazi si nyongeza ya pembeni katika matibabu ya saratani. Ni sehemu ya dozi. Dawa iliyolipiwa lakini ikatolewa nusu huiacha saratani ikiwa hai na imezoea. Kwa hiyo tunapowaombea mgonjwa gharama za wiki zote nane badala ya wiki mbili za mwanzo, tunafanya hivyo kwa sababu tulizozieleza.

Tunaomba pia uvumilivu wenu pale taarifa zetu zinapoonyesha kwamba mgonjwa aliyesaidiwa hakupona. Mchango wenu haukupotea. Ulimpa nafasi ambayo asingeipata, na watoto wake walimwona mama yao akihudumiwa kwa heshima hadi mwisho.

 Kamati yenye swali zaidi kuhusu mada hii ilifikishe ofisini kwetu kupitia kwa Paroko, nasi tutalijibu katika toleo lijalo. Mwenyezi Mungu, Tabibu wetu mkuu, awabariki na kuzibariki kazi za mikono yenu.